Kupiga picha za mpira wa mchangani kwa simu: mwongozo wa anayeanza

Kila Jumapili jioni, filimbi ya mwisho ikishalia, kuna kijana atakayenifuata na simu mkononi. "Kaka, mbona zangu zote zina ukungu?" Mwingine anauliza anunue simu gani. Wa tatu anataka kujua mpira unashikwaje ukiwa hewani. Nimeyajibu maswali haya ukingoni mwa viwanja vya Mtwara mjini, nikayajibu Mikindani, nikayakuta tena Masasi. Sasa nayaandika kwa mpangilio, ili ukija uwanjani uwe umeshaanza mazoezi.

Jambo moja lishike kabla hatujaenda mbali. Picha nzuri ya mpira inaanzia mahali uliposimama, na katika kujua mpira unakwenda wapi kabla haujaondoka mguuni. Yote mawili yana mazoezi yake, na simu uliyonayo leo inatosha kuyafanya.

Tena usidhani mchangani ni mahali pa kujifunzia tu huku ukisubiri kupata kiwanja kikubwa. Ukienda uwanja wa Nangwanda Sijaona utakaa jukwaani, na bila kibali hutasogea karibu na mstari. Mchezaji atakuwa mita 40 mbali nawe, na kwa simu hiyo ni nukta yenye jezi. Kwenye ndondo unasimama mita 5 kutoka kwenye kona, unasikia pumzi ya winga. Lenzi kuu ya simu inachukua eneo pana sana. Ukiishika simu kwa kulala, mchezaji aliye mita 5 anajaza zaidi ya theluthi ya kimo cha picha. Akiwa mita 10 anabaki karibu sehemu moja ya tano. Akiwa mita 30 hafiki hata moja ya kumi. Ndiyo maana mchangani ndiko mahali penyewe pa kupigia picha kwa simu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yoyote ambayo kamera yake haijapasuka kioo. Ikiwa na hali ya Pro, ile inayokuachia upange mipangilio ya kamera mwenyewe, ni vizuri zaidi, na simu nyingi za Android zinayo. iPhone haina hali hiyo kwenye kamera yake ya kawaida, inabidi uweke programu nyingine ya kamera.
- Nafasi ya kutosha kwenye simu. Picha moja inakula kama MB 3 hadi 5, kwa hiyo picha 300 za mechi moja zinataka GB 1 hadi 1.5.
- Chaji iliyojaa. Kamera ikiwa wazi saa nzima juani inamaliza betri haraka.
- Kitambaa laini cha pamba. Kipande cha khanga ya zamani iliyofuliwa mara nyingi ni bora kuliko tishu.
- Daftari dogo na kalamu. Usiviache nyumbani, utaona kazi yake hatua ya 9.
- Ruhusa.

Hilo la ruhusa nalisemea zaidi. Fika kabla timu hazijaanza kupasha, mtafute mwalimu wa kila timu, umwambie: "Shikamoo mwalimu. Naitwa fulani, nakaa hapa Magomeni, najifunza kupiga picha za mpira. Naomba nisimame nyuma ya mstari wa goli, na picha nitawaletea." Sijawahi kukataliwa baada ya maneno hayo. Kisha nenda kwa refa, umwoneshe utakaposimama. Mechi za watoto zina utaratibu wake: mwombe mwalimu wa shule au mzazi, na usisambaze sura ya mtoto wa mtu bila mwenyewe kukubali.

Onyo: usitoke uwanjani ukaanza kuelekeza simu bandarini, uwanja wa ndege, kambi za jeshi au mitambo ya gesi kwa kisingizio cha mazoezi. Maeneo hayo yana sheria zake na utaipoteza simu au siku yako nzima.

Hatua kwa hatua

1. Iandae simu ukiwa nyumbani

Washa gridi, ile mistari inayoigawa skrini sehemu tisa. Zima flashi kabisa: haifiki mbali na inamsumbua kipa. Zima hali ya usiku. HDR nayo izime kama simu inaruhusu, kwa sababu inaunganisha picha kadhaa kuwa moja, na mchezaji akiwa anakimbia unaweza kumkuta na mguu wa tatu.

Tafuta namna simu yako inavyopiga mfululizo. Nyingine unashikilia kitufe, Samsung nyingi unakivuta kitufe kuelekea ukingo wa simu, iPhone mpya unakivuta kushoto. Kuna simu ambazo ukishikilia zinaanza video, kwa hiyo jaribu leo, usisubiri kona ipigwe.

2. Zoezi la ukuta (siku 3, nusu saa kila siku)

Mwombe mdogo wako au mtoto wa jirani apige mpira ukutani, arudie. Wewe simama pembeni, mita 4 hivi. Fungua hali ya Pro, weka kasi ya shata 1/100 (yaani kamera inafunguka kwa sehemu moja ya mia ya sekunde), piga picha 20. Kisha weka 1/500, piga 20. Kisha 1/1000, piga 20. Ukipandisha kasi picha itakuwa nyeusi kidogo, ongeza ISO, namba inayoonesha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka mwanga urudi.

Sasa kaa kivulini, zivute picha kwa vidole uone mpira wenyewe. Mpira wa saizi 5 una upana wa sentimita 22. Ukipigwa ukakimbia mita 20 kwa sekunde, kwenye 1/100 unasogea sentimita 20 wakati shata iko wazi, ndiyo maana unauona kama ndizi. Kwenye 1/500 umesogea sentimita 4, kwenye 1/1000 ni 2. Mchezaji anayekimbia mita 6 kwa sekunde anasogea sentimita 6 kwenye 1/100, na sentimita 1 na ushee kwenye 1/500. Hesabu ndiyo hiyo, nadharia nyingine huihitaji leo. Kwa mchezaji anza na 1/500, kwa mpira uliopigwa kwa nguvu panda 1/1000.

Kama simu yako haina Pro, fanya zoezi hilohilo kwenye jua la saa 9 alasiri, kisha urudie saa 12 jioni. Mwanga ukiwa mwingi simu yenyewe huongeza kasi. Utaona kwa macho yako kwa nini picha za dakika ya 85 zinakuharibikia.

3. Zoezi la bodaboda (siku 3)

Simama mahali salama, mbali na lami, ambapo bodaboda zinapita kwa mwendo wa kawaida. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vibane mbavuni. Chagua pikipiki ikiwa bado mbali, izungushie kiuno chako kama feni inavyogeuka, ukimweka dereva katikati ya fremu muda wote. Bonyeza anapokuwa mbele yako, na uendelee kumfuata hata baada ya kubonyeza. Wengi wanakata mkono pale wanapobonyeza, picha inavunjika hapohapo.

Lengo hapa ni mikono yako kumfuata kiumbe anayekwenda bila kumtoa kwenye fremu. Bodaboda 50 zikishapita, winga hatakusumbua. Ukitaka kucheza zaidi, shusha shata hadi 1/40 na ufuatishe vilevile: dereva atabaki anaonekana, nyuma yake patakuwa mistari. Picha za namna hiyo zinatoka moja katika thelathini, nami nawashauri wanaoanza wasizikimbilie kwenye mechi.

4. Chagua mahali pa kusimama, na usihame kipindi kizima

Fika nusu saa kabla. Angalia jua liko wapi. Mechi nyingi za kwetu zinaanza saa 10 au saa 10 na nusu, jua likiwa limeshaelekea upande wa bara. Ukisimama upande wa magharibi ukaangalia mashariki, sura za wachezaji zinapata mwanga. Mashabiki wanakaa penye kivuli cha mwembe au mkorosho, na hilo ni zuri ikiwa kivuli kiko ng'ambo yako: nyomi inakuwa ukuta wa nyuma wa picha zako.

Mahali pangu pa kuanzia ni nyuma ya mstari wa goli, hatua sita au saba pembeni mwa nguzo, upande ule ambao mwanga unatoka mgongoni kwangu. Hapo nawaona washambuliaji wakija kwa uso. Ukisimama katikati ya uwanja pembeni utapata migongo na visogo tu.

Makosa matatu ninayoyaona kila wiki. La kwanza, kukaa nyuma ya goli lisilo na wavu. Mpira utakuvunjia simu, au pua. La pili, kusimama juu ya mstari wa pembeni na kumzibia njia mshika kibendera. Muachie mita 2. La tatu ni kukimbiza mpira: mpira ukienda goli la kaskazini na yeye huyo mbio, ukirudi na yeye anarudi, na kila anapofika tukio limekwisha. Kaa. Mpira utakuja kwako. Dakika 45 ni nyingi.

Piga goti, au uchutame. Simu ikiwa usawa wa kiuno cha mchezaji, mpira unaonekana umeinuka kutoka mchangani, na mwenye kuruka anaonekana ameruka kweli. Ukisimama wima ukapiga kwa juu, mtu aliyepaa nusu mita anaonekana amesimama chini. Zingatia tu kwamba ukishuka sana nyuma yake panakuwa anga tupu, na anga ndiyo inayotuletea hatua inayofuata.

5. Weka mwanga kwenye sura

Sisi ni weusi, na viwanja vyetu vya pwani vina mchanga mweupe na anga inayong'aa. Simu ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na mchezaji anatoka kivuli tupu. Hapo vijana wanadhani kamera ni mbovu. Gusa skrini penye uso wa mchezaji, au penye mguu wa mtu wa rangi kama yake aliye kwenye mwanga uleule, ushikilie kidole mpaka ikuoneshe kwamba imefunga mwanga na fokasi hapo. Kisha sukuma ule mstari wa mwanga juu kidogo. Anga ikipauka, iache ipauke. Hakuna aliyekuja kutazama anga.

Jezi nyeupe zinataka kinyume chake: gusa uso, kisha shusha kidogo mpaka uone mikunjo ya kitambaa. Jezi nyeupe iliyoungua hairudishwi na programu yoyote, lakini uso uliofifia kidogo unarudi.

Jua letu nalo lina tabia zake, zijue. Katikati ya Oktoba na wiki ya tatu ya Februari, saa 6 mchana Mtwara jua linapita karibu juu ya utosi kabisa. Bonanza za asubuhi zikichelewa mpaka saa hizo, macho ya wachezaji yanageuka mashimo meusi. Usipoteze picha zako hapo, piga timu zikiwa kivulini. Mwezi wa Juni jua linazama saa 12 na dakika chache tu. Mechi iliyoanza saa 10 na nusu inamalizika gizani, kwa hiyo mwezi huo piga kwa bidii kipindi cha kwanza. Mwishoni mwa Januari una zaidi ya nusu saa ya ziada.

Na usikimbie jua likishazama. Weka ISO 400, ukiona bado nyeusi panda 800, na shata ibaki 1/500. Kwa kama dakika kumi hivi simu nyingi zinamudu. Picha itakuwa na chengachenga kidogo. Chengachenga zinavumilika, mchezaji aliyeyeyuka havumiliki.

6. Bonyeza kabla

Hapa ndipo penyewe. Ukiliona tukio kwenye skrini, limeshapita: jicho lako limechelewa, kidole kimechelewa, na simu nayo imechelewa. Lazima ubonyeze kwa kutabiri, na utabiri unasomwa kwenye mwili wa mchezaji, mpira usikushughulishe sana.

Kuna winga mmoja wa Mikindani aliyenifundisha jambo hili bila yeye kujua. Mechi tatu nilimkosa. Kila krosi yake ilitoka kwangu kama mguu uliokwisha kushuka na mpira uliokwisha kutoka kwenye fremu. Mechi ya nne nikaacha kuutazama mpira, nikawa namtazama yeye kuanzia kichwani. Nikaona kwamba kila anapotaka kupiga krosi anainua kichwa mara moja, anaangalia boksi, anakirudisha chini. Kisha mguu wa kulia, ule asiopigia, unakanyaga pembeni ya mpira, mchanga unaruka kidogo kisiginoni. Kuanzia kile kisigino mpaka mpira unapigwa ni muda wa kutamka "haya". Nikawa nabonyeza kisigino kinapogusa chini. Siku hiyo nilipata krosi nne, na moja yao mpira umebonyea kwenye njumu.

Kwa hiyo jifunze ishara hizi, moja kwa kila mechi:

- Mpigaji: mguu wa kusimamia ukikanyaga kando ya mpira, bonyeza.
- Kipa: akikunja magoti na kufungua viganja, shuti linakuja. Anza mfululizo hapo, usisubiri aruke.
- Mpira wa kichwa: angalia mabega ya beki. Yakishuka anajiandaa kuruka. Bonyeza akiwa anapanda, kwa sababu mpira unakutana na kichwa karibu na kilele.
- Mwenye chenga: beki akihamishia uzito mguu mmoja, amekwisha. Hapo ndipo picha ilipo, na mara nyingi uso wa beki ni mzuri kuliko wa mshambuliaji.
- Kona: chagua mtu mmoja kabla haijapigwa, kaa naye. Ukijaribu kuwapata wote kumi utapata msitu wa miguu.

Mfululizo unasaidia, lakini usiugeuze mtego wa kuvulia chochote kitakachopita. Sekunde moja au moja na nusu, basi. Anayeshikilia kitufe dakika nzima hajifunzi kutabiri, na simu yake itajaa kabla ya mapumziko. Katika kila mechi jiwekee dakika 15 za kupiga picha mojamoja tu, bila mfululizo. Utakosa nyingi. Zile utakazopata zitakuwa umezipata wewe.

Mara kwa mara naulizwa kwa nini mtu asirekodi video kisha akate picha humo. Video ya kawaida ya 1080 ina megapikseli 2 tu kwa kila fremu, wakati picha ya simu nyingi ina 12 au zaidi. Ukiikuza kidogo inapasuka. Na kidole chako hakitajifunza kitu.

7. Gawanya mechi nne za kwanza

Mechi ya kwanza piga makipa tu. Hawahami, na ishara zao ni rahisi. Ya pili, kona na mipira iliyokufa. Ya tatu, mawinga wa upande wako. Ya nne ndipo piga unachotaka. Ninajua inauma kuacha goli zuri lipite kwa sababu lilifungwa upande ambao si zoezi lako la leo. Liache. Nimewaona wengi waliotaka kila kitu mechi ya kwanza, na baada ya miezi miwili picha zao ziko palepale.

8. Geuza simu mpira unapokuwa mbali

Picha ya kwanza iliyonifanya niamini naweza kazi hii haikuwa na mpira. Ilikuwa mapumziko, Mikindani, saa 11 na nusu. Kipa amekaa juu ya jiwe, njumu yake ya kushoto imefumuka mbele, anaifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ameushika ncha moja kwa meno, mikono miwili inavuta, na jua la jioni linapita kwenye vumbi lililoganda mikononi mpaka kila unywele unaonekana. Nilipiga picha tatu, nikainama kumshukuru. Kipindi cha pili alidaka penalti kwa njumu hiyohiyo.

Tafuta vitu kama hivyo: mwalimu anayechora kwa kijiti mchangani, watoto waliopanda mkorosho kuangalia, mama anayeuza mihogo akiwa ameukazia macho mpira na mkono unahesabu chenji. Kumbuka kuomba. "Mama shikamoo, naomba nikupige ukiwa kazini" inatosha, kisha subiri akusahau, ndipo upige.

9. Chuja usiku uleule

Ukirudi, oga, ule, kisha kaa na picha zote. Mzunguko wa kwanza futa zenye ukungu, zilizokatwa vichwa, zisizo na uso wala mpira. Mzunguko wa pili bakiza 10. Kesho yake asubuhi, ukiwa na macho mapya, bakiza 3. Kisha fungua daftari, andika kwa kila moja ya hizo tatu: nilisimama wapi, saa ngapi, shata ngapi, nilibonyeza kwa ishara gani. Halafu chukua picha moja uliyoikosa kwa karibu sana, andika ulikosea wapi.

Daftari hilo baada ya mechi 6 litakuambia mambo ambayo mimi siwezi kukuambia. Langu lilinionesha kwamba picha zangu nzuri karibu zote zilitoka dakika 20 za mwisho za jua, nikiwa nimepiga goti. Nikaacha kuchoka bure kipindi cha kwanza cha mechi za saa 9.

Kukata kingo za picha kunaruhusiwa, na nyoosha mstari wa upeo ukilala. Rangi usizikoroge. Mchanga wetu una rangi yake, na ukipanda Newala au Tandahimba udongo ni mwekundu. Uache uwe vile ulivyo.

10. Wapelekee wenyewe picha zao

Uliahidi, timiza. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na kupoteza ubora, itume kama dokumenti. Kama mchezaji hana bando, tumia Bluetooth siku ya mazoezi. Ukimpa beki picha yake nzuri moja, wiki ijayo atakuambia mwenyewe, "Leo kaa kule, tunapiga kona fupi." Taarifa hiyo huipati popote.

Ukikwama

*Picha nzima ina utando kama moshi, hasa taa au jua likiwa mbele.* Lenzi ina mafuta ya vidole au chumvi ya upepo wa bahari. Pulizia kwanza mchanga utoke, ndipo ufute. Ukifuta na mchanga juu yake unaikwaruza, na mkwaruzo hautoki.

*Mchezaji ana ukungu, nyasi na goli viko safi.* Shata iko chini. Panda 1/500 au zaidi.

*Kila kitu kina ukungu, mpaka nguzo za goli.* Mkono ulitikisika. Rudisha viwiko mbavuni, toa pumzi nusu, bonyeza taratibu bila kudunda skrini.

*Mashabiki wa nyuma wako safi, mchezaji hayuko.* Fokasi, yaani pale kamera inapokazia jicho, imekwenda nyuma. Gusa mapema mahali ambapo tukio litatokea, mfano mstari wa boksi dogo, ushikilie ifunge, usubiri mtu aingie hapo.

*Mpira una umbo la yai ingawa shata iko juu.* Kamera ya simu inasoma picha mstari kwa mstari, na mpira wa kasi unasogea kabla haijamaliza. Piga mpira unaokuja kwako badala ya unaokatiza mbele yako, umbo litapungua kupotoka.

*Nikizumu picha inakuwa kama imechorwa kwa rangi ya maji.* Simu inakata na kukuza tu. Acha zumu, sogea kwa miguu. Kama simu ina lenzi ya pili ya mbali, itumie mwanga ukiwa mwingi, kwa kuwa lenzi hizo mara nyingi zina uwezo mdogo jioni.

*Simu imepata moto, kamera imejifunga.* Itoe kwenye kava, iweke kivulini, isubiri dakika kumi. Usiiweke juu ya barafu la muuza juisi, unyevu utaingia. Wakati wa mchezo izime skrini mpira ukiwa upande wa pili.

*Nimefanya wiki tatu, sioni mabadiliko.* Fungua daftari. Karibu mara zote ninapoomba kuliona, halina kitu, au mtu amehama mahali mara tisa kwa mechi moja. Rudi hatua ya 4 na mechi ya makipa.

*Wachezaji wakiona simu wanajipanga na kuonesha vidole viwili.* Wapige hiyo picha, iwe yao, uwape. Kisha kaa palepale nyuma ya mstari, simu imeelekea goli na wala si wao, wakati wanapasha. Mechi ya kwanza watakuangalia. Ya pili watakuangalia mpaka goli la kwanza. Ya tatu utakuwa kama nguzo ya kona, na hapo anza kupiga.